Mnene Havunjiki

4 Machi

Dada mpenzi,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila usingizi sina. Hedhi ilikoma zamani, lakini joto bado hunipanda kama niliyefungiwa kwenye tanuri. Nimeamua kujikondesha. Wapishi wenzangu hapa shuleni wananiita Pipa, nimechoka. Asubuhi chai kavu, jioni matango. Sketi zinanivuka. Usinigombeze.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, shemeji yako anakohoa kidogo tu. Nakugombeza vivyo hivyo. Kula, mama. Mimi mwili wangu umejaa kiti cha cherehani na sina wasiwasi: mnene havunjiki.

Dada yako

2 Novemba

Dada,

Salamu. Anayeandika ni mwanangu, mimi mkono umefungwa plasta. Niliinua sufuria ya maji jikoni, kifundo cha mkono kikalia kama kijiti kinachovunjika. Nimepimwa, mifupa imekuwa kama mkate wenye vitundu.

Daktari ameeleza kwamba hedhi ikikoma, homoni inayolinda mifupa hupungua, na kiasi kidogo kinachobaki hutengenezwa na mafuta ya mwilini. Nilipojinyima, nikaufukuza na msaada huo. Nikasema basi dada yangu kasalimika. Akatikisa kichwa.

“Mafuta hayo hayo, hasa ya tumboni, hutoa homoni nyingine zinazoweza kuidhoofisha mifupa. Unene si kinga. Mwambie aje apimwe.”

Nenda, dada. Sitatulia mpaka nisikie.

Mdogo wako

30 Novemba

Dada,

U mzima kweli? Plasta imetolewa, nimerudi jikoni na naandika mwenyewe. Nikikupigia simu unaongelea mvua, nikitaja mifupa unakata. Jana niliunguza chakula cha watoto wa watu kwa kukuwaza. Niambie umekwenda, hata kama ni uongo.

Mdogo wako

11 Januari

Mdogo wangu,

Mkono unaendeleaje? Sisi tupo.

Wiki iliyopita niliinama kuokota mkasi, mgongo ukanikamata. Shemeji yako na mteja wakaninyanyua, nguo yake ikiwa bado kwenye mashine. Kwenye picha ya eksirei, pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Sikuanguka, sikugongwa, niliinama tu. Nimepewa dawa, na nimeambiwa maumivu yakipungua nitembee kila siku.

Natembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Nikishika kitasa miguu inagoma, naiona barabara kama korongo. Shemeji yako hunishika mpaka naudhika.

Njoo Jumamosi, mdogo wangu. Usinishike. Tembea kando yangu tu.

Dada yako