Taa ya Tatu ya Amplifaya

Kakuma, Agosti 1997

Mjukuu wangu Gatdet,

Ejok, kama wasalimiavyo Waturkana; hujambo huko Lodwar? Mimi mzima, ni goti tu. Barua hii ananiandikia jirani yangu Caritas.

Barnabé, fundi wa redio hapa kambini, amejua kwa nini amplifaya ya gitaa ya kanisa inaunguza fyuzi. Alichomoa zile taa za kioo za ndani moja moja. Alipotoa ya tatu, fyuzi haikuungua tena. Taa ndiyo mbovu, si mkono wako.

Na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara iliyozungushwa kwenye fyuzi iliyoungua ili umeme upite, mpaka moshi ukatoka, niliiweka mimi. Nilitaka kwaya iimbe. Wanakwaya walidhani ni wewe, wakakutukana, nikanyamaza, ukaondoka. Jumapili nilisimama kanisani nikasema yote.

Tafuta taa kama hiyo huko. Usimpe mtu ailete, mjinga wewe. Njoo nayo mwenyewe.

Ni mimi, mama wa mama yako,
Nyaruach