Beji ya Fidelis

Steven, usinipigie simu. Soma tu.

Unaikumbuka ile beji ya bati aliyonipa Kanubhai tulipokuwa vijana, yenye neno FIDELIS? Mimi na wewe, tuliofundishwa Kilatini seminarini, tulilisoma "mwaminifu". Nimeivaa kwenye koti la misa miaka yote hii, nikiamini kwamba rafiki yangu alinipa heshima.

Leo nikitoka misani nimepita dukani kwake Kariakoo. Mjukuu wake Vidhi akaniamkia, "Shikamoo babu," kisha akaitazama kola yangu. "Kumbe na wewe unayo beji ya chakula cha mbwa?"

Chakula cha mbwa, Steven!

Akaleta kopo lililojaa beji hizo hizo. Akanieleza kwamba baba wa Kanubhai alikuwa wakala wa chakula hicho, chapa ya Fidelis, akizigawa bure kwa wateja. Zote zina kichwa cha mbwa chini ya neno. Yangu haina. Kilikwanguliwa kabla sijapewa!

Nikamwuliza Kanubhai, aliyekuwa nyuma ya meza, "Ulijua?" Akacheka mpaka akaegemea meza. "Mzee Fidelis, ulifurahi mno bwana, ningekwambiaje?"

Mzee Fidelis. Ndivyo nyumba yao nzima inavyoniita, nami huitika!

Nikaivua, nikamchomekea yeye kifuani. "Kanubhai, neno nililisoma sawasawa. Mtu ndiye niliyemsoma vibaya."

Kicheko kikamkatika.

Sasa niko njiani kurudi nyumbani, kola ina matundu mawili. Mke wangu ataniuliza beji iko wapi.