Irabu za Twalibu

Ng'ambo, Tabora
3 Februari 1974

Kwa mume wangu Baba Tatu,

Asalamu aleikum. Mwanao Tatu hajambo. Mimi sijambo ya mdomoni tu. Ulisema unakwenda hicho kijiji cha Ujamaa kuwatengenezea madawati, ukimaliza unarudi. Madawati gani yasiyokwisha? Watoto wa huko wana makalio mangapi?

Jana kwa shoga yangu Khole tulisikiliza mchezo redioni. Mume kasafiri, mke kutwa anashona na kumwombea dua. Wenzangu wakafuta machozi. Nikawaambia aliyeutunga hajapata kulala kitanda kipana peke yake. Sitaki uniletee asali, Twalibu. Nakutaka wewe.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu ili karani anayepokea barua zenu asiambulie kitu. Nawe andika hivyohivyo, lakini weka irabu! Barua zako nazisoma kwa kubahatisha.

Mkeo,
Mama Tatu


Kijijini, njia ya Ulyankulu
24 Februari 1974

Mke wangu Mama Tatu,

Aleikumu salamu. Mimi mzima, hofu kwenu. Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, na afadhali ilikuwa hivyo. Mambo ya kitandani huandikwa, mke wangu? Nilikuomba tangu mwanzo tuhamie wote, ukasema cherehani yako haikuumbiwa porini. Basi tusilaumiane.

Kazi huku haziishi, na mahindi ya kijiji nayo yanataka kulindwa. Ijumaa, kwa rehema za Mungu, nimeua jike moja nene sana. Watu wamefurahi, akina mama wamenipigia vigelegele. Mengine nikija. Nisalimie Tatu.

Mumeo,
Baba Tatu


Ng'ambo, Tabora
2 Machi 1974

Twalibu,

Salamu utazipata siku nyingine.

Umeoa! Nimekaa chini nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaunguza gauni la mteja kwa pasi. Mimi nimekaa hapa najitunza, nawakwepa wanaume wenye macho mapana, kumbe mwenzangu kashajipatia wa kumkanda mgongo. Ni nani huyo? Hata jina lake umeshindwa kunitajia! Ana nini ambacho mimi sina?

Nijibu, na usinizungushe.

Zamda, ambaye sijui bado ni nani wako


Kijijini
10 Machi 1974

Mke wangu mpenzi,

Asalamu aleikum. Hali yako siulizi, naijua.

Ni Selemani dereva wa lori aliyekwambia, sivyo? Nilimsihi anyamaze mpaka nije mwenyewe. Basi anaitwa Sikuzani, ni mjane, ndiye aliyekuwa akinipikia. Tumefunga ndoa baada ya Idi. Zamda, mimi ni mwanamume, nyumba ilikuwa baridi, na wewe ulikataa kuja. Sikuzini, nimeoa, na dini imeruhusu. Wewe ndiye mke mkubwa na heshima yako iko palepale. Nisamehe, tuelewane kama watu wazima.

Mumeo,
Baba Tatu


Ng'ambo, Tabora
17 Machi 1974

Baba Tatu,

Aleikumu salamu. Mimi na Tatu wazima, na leo nakusalimia kwa sababu nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Maskini Selemani hajasema neno. Umesema mwenyewe. Jana nilimpelekea Mjomba Humaidi kule Mtendeni ile barua yako ya Februari, anisaidie kudai haki yangu. Akaisoma, akairudia, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "hapa hakuna harusi. Huyu kalinda mahindi, kaua nguruwe."

Kwa herufi zetu kuoa na kuua ni sura moja, na wewe irabu hukuweka. Na huyo nguruwe ukaona haya kumtaja kwenye barua yenye jina la Mungu. Nguruwe ulimwonea haya, Twalibu! Mimi hukunionea. Nilikosea kusoma, nikakuuliza swali la kijinga, ukanijibu ukweli.

Mjomba ananishauri nidai talaka. Nimekataa, na sababu nimeshindwa kumwambia mzee wa watu. Nina hasira na wewe, na bado nakutaka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Sasa umetaja dini. Vizuri sana. Dini hiyohiyo inasema mwenye wake wawili agawe siku sawasawa. Tangu Idi zamu zote kachukua yeye, na mimi hakuna aliyeniuliza. Nimeifunga cherehani kwenye magunia, Alhamisi tunapanda lori mimi na Tatu. Mjengee Sikuzani jiko lake na mlango wake, nami sitamtukana. Lakini zamu zangu nakuja kuzichukua zote mfululizo, hata moja sisamehe. Zikiisha ndipo tutaanza kugawana, na yeye atakuwa ameshajua kungoja kukoje.

Mkeo mkubwa,
Mama Tatu