Mraba Mwekundu Nyuma ya Kabati

Kathiani, juma la Pentekoste

Mama Mwende,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya kiti cha jikoni katikati ya sebule, kwa maana makochi yote yako uani chini ya turubai na harufu ya rangi bado haijatoka. Miaka mingi nimewafundisha wakatekumeni wanaojiandaa kwa ubatizo kwamba marehemu tunawasaidia kwa sala, nawe hujazikosa sala zangu hata siku moja tangu tulipokuzika. Lakini yapo mambo ambayo si sala. Nimejaribu kuyasema kanisani, mbele ya tabenakulo, nikaona kwamba Mungu anayajua tayari na kwamba anayepaswa kuyasikia ni wewe. Nivumilie basi. Mkono umekuwa mzito, na nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Jumamosi unatimia mwaka. Padre atakuja kuadhimisha Misa hapa nyumbani, kisha tutaubariki msalaba wa kaburi lako. Mwende alikuja kutoka Syokimau kutazama maandalizi, akasimama mlangoni akasema wageni hawawezi kuketi katikati ya kuta kama hizi. Alisema kweli. Nyuma ya kiti changu palikuwa na doa jeusi la kichwa changu, na upande wa dirisha rangi ilikuwa ikidondoka kama ganda la yai. Yeye alitaka kijivu. "Baba, huko kwetu kila mtu amepaka kijivu. Inakaa poa." Nilimjibu kwamba nitafikiri, ingawa sikuwa na nguvu ya kufikiri juu ya rangi.

Siku mbili baadaye mwenyekiti wa kigango cha kanisa letu alinikuta shambani nikipalilia maharagwe. Alikuwa amesikia habari za Misa, na kwa wema kabisa akaniambia, "Mwalimu, kuna madebe ya krimu yamebaki pale sakristia. Chukua tu, ni yako kama kawaida."

Kama kawaida. Maneno hayo yalinikalisha chini pale pale kwenye tuta. Ni kweli, Mama Mwende. Kila mara kanisa lilipopakwa rangi, masalio yalikuja kwetu, kwa idhini ya kamati na kwa moyo wangu mweupe. Krimu ya kuta za kanisa ikawa sebule yako. Buluu ya milango ya sakristia ikawa jiko lako. Kahawia ya mabenchi ikawa mlango wa chumba tulicholala. Niliuita huo unyenyekevu, na mara nyingine niliwatolea watu mfano wake katika mafundisho. Umekaa katika nyumba hii maisha yako yote ya ndoa, ukaifagia, ukaipamba kwa vitambaa ulivyofuma mwenyewe, na hujawahi kuulizwa unapenda rangi gani.

Hapana. Hukuulizwa, lakini ulisema. Lazima niandike hivyo.

Ulirudi kutoka sokoni siku moja ya mvua, viatu vimejaa udongo, ukasimama hapa hapa ukasema unataka sebule iwe nyekundu. Si nyekundu ya kelele, ulisema, bali ile ya barabara yetu ya kushukia Machakos mvua inapokatika na jua kuipiga. "Huku mlimani asubuhi ni baridi, Mwalimu, na hii krimu inaniangalia kama hospitali." Nilikujibu kwamba nyekundu ni rangi ya baa na ya maduka ya soda, na kwamba nyumba ya katekista haiwezi kufanana na mahali watu wanapolewea. Wewe ulikuwa unafuta viatu, hata hukuinua kichwa. "Na Pentekoste padre akivaa nyekundu, mbona hatumwagizi chupa?"

Sikucheka. Leo nacheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Juma lililofuata ulinunua kikopo kidogo, ukapaka mraba mmoja ukutani, ukubwa wa sinia, ili nione kwanza. Nami niliporudi kutoka mkutanoni sikuuona mraba. Niliona kwamba kesho yake jumuiya ingesali hapa na padre angekuwapo. Nililisukuma kabati la vyombo kwa bega langu mpaka likaufunika. Vikombe vilikuwa vikigongana ndani. Ulinitazama nikimaliza, kisha ukasema, "Sawa, Mwalimu. Iko hapo."

Tangu siku hiyo, kila ulipopangusa kabati ulirudia, "Iko hapo," na mimi nilidhani ni mzaha wa kawaida kati ya mume na mke. Baadaye nikasahau kabisa ulichokuwa ukikisema.

Sasa nafika mahali ambapo nimepakwepa mwaka mzima. Katika juma lako la mwisho, ulipokuwa umelazwa hapa kwenye kochi kwa sababu chumbani ulikosa hewa, uliniambia, "Sogeza kabati kidogo." Nilifikiri unataka kikombe. Nikakuletea kikombe chenye maji. Ukatikisa kichwa ukarudia, nami nikasema kabati ni zito, kesho nitamwita fundi Musyoka anisaidie. Ulifumba macho. Musyoka alikuja kesho yake, kweli, lakini alikuja kuleta viti vya waombolezaji.

Ni yeye aliyelisogeza juma lililopita, ili apige ukuta msasa. Mraba ulikuwa pale. Nyuma ya kabati jua halikuwahi kuufikia, kwa hiyo ulikuwa umebaki kama ulivyouacha, mbichi, na alama za brashi yako zikienda kulia kisha zikigeuka. Nilikaa chini sakafuni. Musyoka alidhani nimeanguka. Nilimwambia aende mjini kwenye duka la rangi, na nikamwagiza nyekundu. Yule mwenyekiti nilimpelekea shukrani na kumwomba madebe yale awape wengine.

Musyoka alinifundisha mambo ambayo sikuyajua. Alisema kuta zote nne zikiwa nyekundu chumba kitakuwa kama tanuri, hivyo tukapaka ukuta mmoja tu, ule wako, unaotazama mlango. Kuta tatu zilizobaki zina rangi ya chai yenye maziwa mengi, na dari ni nyeupe. Alisema pia kwamba nyekundu haishiki juu ya krimu. Ukiipiga moja kwa moja, krimu inaendelea kuchungulia hata ukiipaka mara ya tatu. Inatakiwa kijivu chini yake. Mwende aliposikia hayo kwenye simu alipiga kelele, "Si nilikuambia, Baba!" Kwa hiyo kijivu cha binti yako kimo ndani ya ukuta wako, na nyote wawili mmeshinda, nimeshindwa mimi tu.

Jana jua la asubuhi liliingia mlangoni likaupiga ukuta ule. Chumba kilipata joto. Ulikuwa unasema kweli, na nilipogeuka kukuambia hivyo hakukuwa na mtu.

Sijisikii nimelipa chochote. Nimeungama, nimeondolewa dhambi, na bado bega langu linalikumbuka kabati lile. Vitambaa vyako vyeupe Mwende amevifua. Atavirudisha kwenye makochi Ijumaa, na vitapendeza.

Musyoka aliniuliza kama aupake mraba wako juu ili ukuta uwe sawa. Nilikataa. Nilichukua brashi ndogo mwenyewe nikazungushia kingo zake polepole. Rangi mpya imekuwa nyepesi kidogo kuliko yako, kwa hiyo mraba unaonekana wazi tangu mlangoni. Watu watauliza Jumamosi. Padre naye atauliza. Nitasimama mbele yao na kusema kwamba hapo ndipo Mama Mwende alipoanzia, na kwamba mimi niliyepaswa kuendelea nilichelewa.

Pumzika, mke wangu. Mwanga wa milele ukuangazie, na unitazamie nami, kwa maana sioni kama nitakawia sana. Mpaka siku hiyo nakuahidi jambo moja, dogo, ninaloliweza: kabati nimelipeleka chumbani, na halitarudi pale.

Mumeo,
Baba Mwende