Kuhusu Kichwa Chako, Mama

River Road, Nairobi
14 Juni 2005

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila mafua kidogo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unasema unataka kuacha ukatibu wa akina mama kanisani kwa sababu kichwa chako hakishiki tena, eti kilianza kukutoroka siku ya mazishi ya Baba. Tafadhali usimwambie mchungaji lolote kabla hujamaliza kusoma hapa.

Huku kwenye duka la uchapaji, wiki jana kulikuwa na vita vya Kiingereza. Mteja alileta kadi ya harusi inayosema Carolyne "is getting married with" Norman. Ndungu, mwenzangu wa kwenye kompyuta, alisema iachwe hivyo, kwani mtu huolewa akakae na nani? Mimi nikasema ni "married to". Unanijua, mdomo wangu hauna breki. Hata Kiragu, mteja mwingine aliyekuja kuchukua vitabu vyake vya risiti, aliingilia akitaka kujua kama sisi tuko "in", "on" au "at" River Road. Kamusi ikafunguliwa, nikashinda, watu wakamcheka Ndungu. Yeye akasema kwa sauti ya chini kwamba mamake husema hivyo hivyo, na hajawahi kuona mtu asiyemwelewa.

Mama, ushindi huo ulinichoma. Karatasi ya wasifu wa Baba uliyonipa mwaka jana niichape kwenye programu ya mazishi ilikuwa na "married with", kwa Kiingereza ulichojifunza ukifanya kazi jikoni kwa watu kule Spring Valley. Niliona aibu Ndungu asije akaiona. Nikabadilisha hako kaneno kamoja. Sentensi iliyofuata nayo nikaiona inachechemea, nikaigusa, na nyingine, mpaka ukurasa wote ukawa wangu. Pale uliposema kwamba nilipozaliwa Baba alikupikia uji mwezi mzima na kila siku akauunguza, mimi niliandika kwamba alikuwa mume mwenye upendo. Sikukuambia. Ulisimama kanisani, ukasoma mstari mmoja, ukageuza karatasi mbele na nyuma, ukaketi. Watu walisema ni uchungu. Mimi nilijua unautafuta ule uji.

Kichwa chako ni kizima, Mama. Hukusahau chochote. Ni mimi niliyekuibia maneno yako, kisha nikakuacha mwaka mzima ujishuku. Nisamehe.

Karatasi yako ninayo. Jana niliichapa upya kama ulivyoiandika, nikampa Ndungu aipitie. Hakusahihisha kitu. Aliuliza tu kama Baba hatimaye alijua kupika uji, nikamwambia wewe ndiwe unayejua.

Msalimie Nthenya na majirani wengine wote. Ukinikasirikia una haki, lakini daftari la akina mama usilirudishe.

Ni mimi mwanao, ninayengoja jibu lako kwa woga,

Kanyiva