Paneli Tatu Ulizotutumia

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Mgongo wako je, umepoa, au bado unakaidi? Sisi tupo, tunasukuma siku. Ila mama hali yake si nzuri, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Paneli tatu za sola zilifika salama, hata kioo kimoja hakikupasuka. Mama alizipangusa kwa mkono wake, akakuombea. Ulijua mashine yake ya kupumulia ilikuwa ikizimika kila wingu likipita, maana zile paneli mbili za zamani zimechoka.

Sasa nikupe ukweli. Wa kulaumiwa ni mimi. Fundi alipanda juu ya bati, akashuka akitikisa kichwa. Akasema mpya na za zamani haziungwi pamoja hivi hivi, na kontrola, kile kisanduku cha kupokea umeme kabla ya betri, haitazimudu zote. Nikamkatiza: "Funga bwana, kaka yangu hakutuma mapambo!" Akafunga. Mdomo wangu unaujua.

Saa sita mchana jua lilipokolea, kontrola ikatoa moshi. Betri nayo ikavimba ubavu. Mashine ikanyamaza mama akiwa ameivaa. Ee Mungu wangu! Nimezunguka maduka yote mpaka soli ya kiatu imebanduka, kontrola ya kufaa haipo. Fundi anasema ikiagizwa ni wiki tatu.

Mama anapumua ameketi dirishani, namaliza siku nikimpepea na kipande cha boksi. Jana daktari wa zahanati alinivuta pembeni. Mapafu yamekwisha, kaka. Hata mashine ingewaka leo, ingemwongezea siku chache tu. Hospitali kubwa mama hataki hata kuisikia. Nimelia mpaka nimechoka.

Baba mdogo na shangazi wanakusalimu. Nibusie wanangu, umwambie wifi asinichukie. Mola awafunike nyote.

Usitume kontrola wala betri. Juzi nilimwambia mama uko njiani. Nilidanganya, nisamehe, nilitaka ale. Tangu hapo geti likilia tu, anajifunga kitambaa vizuri na kukaa sawa. Njoo, kaka. Usinifanye mwongo kwa mama.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wenu