Mjomba wa Quebec

Jumapili, 6 Julai 2008

Itangazwe kwa mataifa yote, Maplewood tunakoishi ikiwemo: leo mimi, Elihuruma, nimenunua kofia. Ya majani, ukingo mpana, utepe mweusi. Mke wangu Doris anasema nafanana na mlinzi wa shamba la kahawa. Wivu tu!

Kofia ni ya safari. Binti yetu Imelda ametulipia siku nne Quebec, zawadi ya kutimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mwaka mzima amekuwa akichukua zamu za wikiendi hospitalini kule Coon Rapids – sisi tukadhani kapata mchumba. Mji wenyewe nao una sherehe, unatimiza miaka mia nne. Imelda alisoma historia kabla ya unesi. Kuuona mji huo ni ndoto yake. Katutanguliza sisi. Kanishika mabega: Dad, uone kila kitu – ngome, ukuta, makumbusho – halafu unisimulie kila kitu. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nikaapa kwa Kiswahili, ili kiapo kishike.

Alhamisi, 10 Julai

Tumefika. Mji uko juu ya mwamba, mawe matupu, vichochoro vya kupanda na kushuka. Goti la kushoto limeshawasilisha malalamiko. Mimi najua bonjour, Doris anajua merci. Tukishirikiana tunatimiza mazungumzo kamili, mradi mtu asiseme kitu katikati.

Tumefika ngomeni jioni, wamefunga. Kesho!

Ijumaa, 11 Julai

Makumbusho. Tumeingia! Tulipofikia: chumba cha kuachia mabegi.

Ilikuwa hivi. Doris alikuwa ananisema kwa Kiswahili, kwa nini sivui kofia ndani ya nyumba ya watu. Mzee anayepokea mabegi akaganda, mkoba wa Doris mkononi. "Bandugu! Munatoka wapi?"

Mkongomani wa Bukavu. Anaitwa Baba Furaha. Alinishika mkono, hakuuachia. Zamu yake inaisha saa sita. Akatukalisha benchi tumsubiri, maana tukiingia ndani tutapotezana. Nikagusia makumbusho.

"Musée itakimbia wapi? Mukuje kwanza mukule."

Sasa hapo unasemaje? Kwake tulikuta fufu, yaani ugali wao wa muhogo, sombe, ndiyo kisamvu, na samaki wadogo wakavu ambao Mama Furaha huwatoa kwa wageni wa maana tu. Majirani wakaitwa waje kututazama. Makumbusho tulikuwa sisi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepandishwa cheo. Ni mjomba.

Furaha, binti yao, kaposwa leo. Upande wa mwanamume umetoka Montreal na wazee lukuki wenye suti. Wajomba wa Furaha wote wako Bukavu. Baba Furaha akaniangalia mimi, akaangalia kofia. "Wewe uko na sura ya mujomba."

Doris akasema wazi kabisa: haiwezekani, leo tuna ngome. Mama Furaha akamfunga kitenge kipya. Ngome ikaanguka.

Nikakaa kwenye kochi, nikakunja uso. Ndiyo kazi yenyewe. Wageni wakasema wameona ua zuri nyumbani kwetu. Nikauliza, mwenye kulipenda ua mbona kachelewa namna hii? Vigelegele! Mzee wao mmoja akanirushia swali refu la Kifaransa. Ukumbi mzima kimya. Nikajibu: bonjour. Wakadhani ni dharau ya makusudi – wakaongeza kreti ya soda.

Sijacheka hivi tangu niache chuo.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani pamoja nao. Halafu viporo vya jana. Doris kaninong'oneza: na Imelda je? Nikajifanya natafuna.

Nimepiga picha ukuta wa mji kutoka dirisha la gari lao. Kimetoka kidole changu.

Jumatatu, 14 Julai

Uwanja wa ndege. Tumenunua postikadi na kitabu cha picha. Doris ananikaririsha kama mtoto wa darasa la pili. Ngome ina umbo gani? La nyota. Tena? La nyota, mwalimu.

Kofia nimeiacha. Baba Furaha kasema mjomba hatoki mikono mitupu, wala hamwachi mtu mikono mitupu. Mimi nimetoka na mfuko wa samaki. Forodha walitutazama vibaya.

Jumamosi, 19 Julai

Imelda kaja na keki. Kaunganisha kamera kwenye televisheni, kakaa sakafuni, kakumbatia magoti kama alipokuwa mdogo. Hapo nikaanza kujisikia vibaya.

Nikaanza. Ngome ina umbo la nyota. Akauliza ndani kukoje. Nikasema wanakataza picha, ila umbo ni la nyota. Doris akabonyeza. Fufu. Fufu tena. Doris na kitenge. Mimi nimenuna mbele ya kreti za soda.

Dad, haya ni makumbusho gani?

"Ya utamaduni," akadakia Doris, mama mzima, mzee wa kanisa!

Simu ya mezani ikalia. Imelda akabonyeza spika. "Allô? Ni Furaha. Mujomba iko?"

Basi nikasema. Naandika hapa kama nilivyosema, bila chumvi. Hatukuona kitu. Nilitaka kuanza na ukarimu, kwamba tulishikwa, tungefanyaje. Nikaona huo nao ni uongo. Ijumaa tungeweza kuingia kidogo, Baba Furaha angengoja. Jumapili mchana gari lilikuwa langoni, wakauliza, mnataka kwenda wapi? Nikasema hapahapa panatosha. Nilitaka kubaki. Huku maisha yangu ni kazi ya maabara na nyumbani, maabara na nyumbani. Kule watu walinyamaza kusubiri nitasema nini.

Imelda hakupiga kelele. Kasema tu, kwa Kiingereza, zile zilikuwa wikiendi zangu. Macho yamejaa. Ningependa kelele.

Na simu bado iko hewani, Furaha anaita allô, allô, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Imelda akanyanyua mkonga, akavuta waya hadi chumbani, akafunga mlango.

Sasa niko kwenye korido na daftari juu ya goti bovu. Doris kabandika sikio mlangoni. Mtoto ambaye ukimwomba chumvi kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, yuko humo anatafuta Kiswahili neno kwa neno.

"Baba yangu... yeye... alisema nini?"

Furaha anajibu, hatusikii.

"Bonjour? Tu?"

Kisha sauti. Doris anasema Imelda anacheka. Mimi sina hakika. Keki iko mezani, hakuna aliyethubutu kuikata.